Koti la Zipu Mbele

Kituoni
Jumapili, 4 Mei

Mume wangu, Baba Kasuku,

Nimefika salama, nimekula, nimelala, miguu imevimba. Salamu zangu zote ni hizo, nyingine utazijaza mwenyewe. Barua hii anakuletea dereva wa gari la chakula. Mpe maji ya kunywa, usimpe mkono. Simu zetu zimechukuliwa. Kuna mtu alipiga picha stoo ilivyo tupu, picha ikazunguka nchi nzima, na wakubwa badala ya kujaza stoo wakakusanya simu.

Uzinduzi wa kituo hiki uliusikia redioni? Mimi nilikuwa mstari wa pili, napiga makofi. Waziri alikata utepe, akasimama mbele ya maboksi ya mavazi ya kinga yaliyopangwa mpaka karibu na dari, akasema tumejiandaa kikamilifu. Wapiga picha walipomaliza, maboksi yakapakiwa kwenye lori lilelile yakaenda kuzindua kituo kingine. Sisi tuliachiwa machache, na utepe.

Lakini kazi inakwenda. Virusi vya mlipuko huu vinashika kwa mguso, jasho au matapishi ya mgonjwa, kwa hiyo hapa kuna sheria moja kubwa kuliko zote: hakuna anayevaa wala kuvua peke yake. Kila mtu ana mwenzake wa zamu. Wangu ni nesi wa kiume kutoka hospitali nyingine, mrefu mpaka mlangoni anainama, tunamwita Ngongoti. Ana sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari. Nikitoka wodini nimelowa, miwani imejaa mvuke, sioni mbele wala nyuma, yeye ananisubiri na glavu mpya mikononi, ananisomea hatua: osha mikono, nyoosha, geuka, usiguse uso. Halafu ananifungua kamba za mgongoni na kunivua koti taratibu mpaka kwenye mabuti. Bila yeye ningeshajisahau nikajipangusa jasho, na huo ndio ungekuwa mwisho wangu.

Mbusu Kasuku. Mwambie mama yake anasema apunguze kuongea darasani.

Mkeo,
Mama Kasuku


Dukani
Ijumaa, 9 Mei

Mama Kasuku,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilifurahi.

Nikusaidie kuelewa inavyosomeka ukiwa umekaa kwenye cherehani. Mke wangu yuko mbali, simu hana, na kuna mwanamume mrefu mwenye sauti nzuri anayemvua kila siku mpaka kwenye mabuti, tena taratibu. Hilo neno taratibu umeliweka la nini? Ungeandika tu kwamba anakuvua, ningeumia kidogo, ningeendelea kushona.

Nilifanya kosa la kumsomea kinyozi wa jirani. Akasema, "Fundi, mimi siingilii mambo ya watu, ila sauti nzuri ni mbaya kuliko sura nzuri. Sura mtu ataizoea." Tangu siku hiyo kila anayetoka kunyolewa anapita hapa kunipa pole. Mmoja kaniuliza msiba ni wa nani.

Redio inasema wahudumu wote mna vifaa vya kisasa. Vifaa gani vya kisasa ambavyo mtu mzima hawezi kuvivua mwenyewe? Kasuku anavua sweta peke yake tangu chekechea. Na kama ni lazima mtu asaidiwe, wanawake wameisha huko?

Huku watu hawaamini kitu tena. Zahanati imefunga mlango, nesi anaongea na wagonjwa dirishani kama muuza tiketi. Sabuni imeadimika. Kila mtu anamuuliza mwenzake vitanda viko wapi, na jibu ni lile la redioni, tumejiandaa. Debe tupu haliachi kuvuma. Mimi nasikiliza, najua mke wangu ndiye matayarisho yenyewe, na matayarisho yanavuliwa na Ngongoti.

Unanijua, mimi si mtu wa wivu.

Mumeo, kama nafasi bado ni yangu,
Baba Kasuku


Kituoni
Jumanne, 13 Mei

Baba Kasuku,

Wewe si mtu wa wivu kama mimi nisivyo nesi.

Miaka yote hii unawazungushia wanawake futi kifuani na kiunoni, unawaambia "vuta pumzi, mama, usijibane," nami nimekaa palepale namenya vitunguu. Nimewahi kukuuliza kitu? Nilijua ni kazi. Na wakati tuko hapohapo, Kasuku kaniandikia kwamba mama wa saluni ndiye anayemsuka siku hizi, na akimaliza kusuka anabaki kula. Nimesoma, nikakunja karatasi. Mwenye macho haambiwi tazama.

Sasa sikiliza kama fundi, si kama mume. Koti la kinga nje yake yote ni ugonjwa. Ukishatoka wodini, wewe ndiye unayevaa ugonjwa, na unatakiwa utoke ndani yake bila kuugusa. Umechoka, macho yanawasha, pua nayo inawasha, mkono unajipeleka wenyewe usoni. Kamba zimewekwa mgongoni makusudi usizifikie, ili ulazimike kusubiri mtu mwenye akili iliyotulia. Yeye ndiye macho yako. Ngongoti haangalii mwili wangu, anaangalia mikono yangu. Wanawake tuko wengi kuliko wanaume hapa, lakini tulipangwa kwa uzoefu, na yeye ndiye aliyewahi kufanya kazi hii kabla.

Sikuandika ili tugombane. Makoti yanakwisha. Tuliambiwa mengine yako njiani, na wauguzi wa kutupokea zamu nao wako njiani. Sijui ni njia gani hiyo isiyo na mwisho. Wewe una kile kitambaa cha makoti ya mvua ulichonunua ukasema kitapata kazi. Kazi ndiyo hii. Nyuma ya karatasi nimechora koti lilivyo: refu, mikono mpaka ndani ya glavu, kamba nyuma. Washirikishe mafundi wenzako. Matroni, mkubwa wetu hapa, amekubali.

Mkeo, na nafasi ni yako,
Mama Kasuku


Dukani
Jumatano, 21 Mei

Mama Kasuku,

Mzigo huo. Mafundi wa mtaa mzima wameweka kando nguo za harusi na sare za shule, tumeshona kitambaa chote mpaka vipande. Kinyozi alikata kamba. Mama wa saluni alipanga mishono, na ndiyo, alikula, kwa sababu mtu akifanya kazi anakula.

Makoti yote yamefuata mchoro wako, isipokuwa moja. Limeshonwa uzi mwekundu ndani ya kola, ni lako. Hilo sikulipima kwa futi, vipimo vyako ninavyo mikononi. Na hilo nimeliwekea zipu mbele, toka shingoni mpaka magotini, na kitanzi kirefu cha kuvutia. Unavuta mara moja, unatoka kama ndizi. Hakuna kamba, hakuna mgongo, hakuna Ngongoti. Nilikaa nalo muda mrefu kuliko gauni la bibi harusi yeyote niliyewahi kumshonea, na sioni haya kusema kwamba kila mshono nilikuwa namfikiria yeye anavyosimama na glavu zake mpya, hana la kufanya.

Na ombi langu ni hili, nalisema wazi, mficha uchi hazai. Mwambie Matroni akubadilishie mwenza. Najua umenieleza nikaelewa. Kuelewa nimeelewa, ila kulala silali. Nikifumba macho namsikia akikwambia geuka, na sauti yake siijui, kwa hiyo kila siku naipa sauti nyingine nzuri zaidi. Nifanyie hilo tu. Nikilipata, nitanyamaza mpaka urudi.

Mumeo,
Baba Kasuku


Kituoni
Jumatatu, 26 Mei

Baba Kasuku,

Makoti yamefika. Watu walishangilia, Matroni alilia kidogo akasingizia klorini. Mshukuru kila aliyeshika sindano.

Koti lako la zipu hajaliruhusu. Alilitazama, akavuta kitanzi juu na chini, akasema kazi ni safi lakini koti linalovuliwa na mtu mmoja litamfanya mtu mmoja aamini anaweza. Limetundikwa kwenye msumari chumba cha kuvalia. Kila nikipita nalitazama. Ni zuri kweli.

Na umeshinda. Nimeomba kubadilishwa, nimesema ni sababu za nyumbani. Tangu leo mwenza wangu ni mwanamke, binti aliyemaliza chuo juzi na alikuwa bado hajapangiwa mtu, anasoma hatua kama anaogopa kuniamsha. Ngongoti alisema tu, "Msalimie fundi." Amebaki hana mwenza, na asiye na mwenza haingii wodini. Atakaa stoo mpaka wafike wale wauguzi walio njiani. Matroni aliniangalia kwa namna ambayo sitaki kuangaliwa tena.

Sasa nyamaza, kama ulivyoahidi.

Mama Kasuku


Dukani
Alhamisi, 5 Juni

Mama Kasuku,

Nilinyamaza. Sikuandika, nikangoja. Wewe nawe hukuandika, na gari la chakula limekuja na kurudi, limekuja na kurudi.

Leo nimembana dereva. Hakutaka kusema. Nikamwambia lisemwalo lipo, sema. Akasema, "Fundi, mkeo mzima, namwona. Jioni huwa anakaa chini ya dirisha la yule nesi mrefu, nje, kwenye ndoo aliyoipindua. Wanaongea. Mara nyingine analia."

Haya. Ulibadilishwa mchana ili uende mwenyewe jioni? Mimi huku nawaambia watu mke wangu anaokoa roho za watu, kumbe amekaa kwenye ndoo chini ya dirisha la mwanamume. Na kulia, unamlilia nini? Mimi nilipolazwa na ule mguu hukulia, uliniambia nisijidekeze. Nimetafuta kumbukumbu nzima ya ndoa yetu niione siku uliyonililia, sijaiona.

Kinyozi ameniuliza habari zako nikamwambia mzima. Nimeona aibu kusema zaidi. Redioni wamesema hali imedhibitiwa. Nikajiuliza ni hali gani hiyo na imedhibitiwa na nani.

Kama kuna jambo, liandike. Nitalisoma nimekaa.

Baba Kasuku


Kituoni
Jumamosi, 7 Juni

Baba Kasuku,

Lipo jambo. Kaa.

Siku mbili baada ya kubadilishwa, mimi na binti yule tulikuwa tumetoka zamu, tumeoga, tumelala kama magogo. Wengine walikuwa upande wa pili wanapokea wagonjwa kutoka mpakani. Adhuhuri mtoto mmoja wodini, mdogo kuliko Kasuku, alidondoka kitandani, mrija wa dripu ukachomoka, damu ikamwagika, akawa anaita mama yake. Mama yake hakuwapo tena. Ngongoti alimsikia akiwa stoo. Hakuwa na mwenza. Aliita, hakuna aliyekuwa karibu. Kwenye msumari kulikuwa na koti ambalo mtu anaweza kulivaa na kulivua peke yake.

Alimnyanyua mtoto, akamrudishia mrija, akamwimbia mpaka akalala. Mtoto huyo yuko hai, anakula uji. Lakini koti lile ulilikata kwa vipimo vyangu, Baba Kasuku. Mikono yangu unaijua. Yeye mikono yake ni kama ya mtu anayetundika mapazia. Kati ya glavu na koti palibaki ngozi tupu, upana wa viganja viwili. Akatoka, akavuta kitanzi chako, zipu ikateremka vizuri kabisa, na hakukuwa na mtu mbele yake wa kumwambia usiguse uso. Aliniambia mwenyewe kwamba alijipangusa macho kwa mkono ule. Alijua palepale alipofanya.

Homa ilianza wiki iliyopita. Dirisha analosema dereva ni dirisha la wodi. Ninakaa nje kwa sababu ndani ninaruhusiwa kwa zamu tu, na zamu haitoshi.

Lawama tugawane kwa haki. Wewe uliniomba, mimi nikakubali ili upate usingizi. Na wako waliotuahidi wauguzi na makoti ya saizi zote, wakaja wakapiga picha wakaondoka na maboksi yao. Ahadi ni deni, lakini wadaiwa wakubwa hawabishiwi hodi. Sikubebeshi peke yako. Ila na wewe usinibebeshe ndoo yangu.

Jana alinituma nikuandikie, naandika alivyosema: "Mwambie fundi koti lake lilikuwa zuri, nilijiona waziri. Ila mikono mifupi. Na mwambie mkewe alikuwa akivuliwa haachi kuongea habari zake, fundi kasema hivi, fundi alinichekesha vile, mpaka namkatiza nimsomee hatua. Mimi sina wa kunisema hivyo. Kama kuna mtu aliona wivu hapa, ni mimi, nikimwonea mtu nisiyemjua."

Haya, umemsikia na sauti yake.

Mama Kasuku


Dukani
Jumanne, 10 Juni

Mke wangu,

Barua yako niliipata asubuhi. Nimefunga duka mpaka mchana, nikafungua, nikafunga tena. Sikumsomea kinyozi.

Sina maneno ya kutosha na yale niliyo nayo ni ya mtu anayejitetea, kwa hiyo nimeyaacha. Nimekwenda kwa mafundi nikawaambia mimi nilivyofanya, nikiwa nimesimama. Mmoja akatoa turubai lake la dukani, mwingine makoti ya mvua ya watoto wake. Tumeanza upya.

Nikuambie kilichonipata, maana najua utacheka, na ungecheka ningefurahi. Koti la kwanza lilipokamilika nililivaa nijaribu. Kinyozi alinifunga kamba za nyuma kisha akaitwa na mteja. Nikataka kulivua. Nikazungusha mkono huku, nikazungusha kule, nikajisugua kwenye fremu ya mlango kama ng'ombe. Sikuweza. Jasho likaanza kunitiririka, pua ikaanza kuwasha palepale uliposema. Nikasimama katikati ya duka nimeinua mikono, na nikajikuta natamani mtu yeyote, hata awe nani, aje aniambie nifanye nini. Aliyepita ni mama wa saluni. Alicheka mpaka akakaa chini, halafu akanifungua. Taratibu. Sasa nionee wivu na wewe, ni zamu yako.

Nataka kumshonea Ngongoti koti lake. La kwake mwenyewe, la siku atakayorudi kazini. Nitumie urefu wa mkono wake, toka begani mpaka kwenye kifundo, na mwambie safari hii napima kwanza. Mwambie pia fundi amepokea salamu zake zote mbili. Na wewe kaa kwenye ndoo hiyo kadiri unavyotaka. Ukipata mto, weka mto.

Mumeo,
Baba Kasuku


Kituoni
Ijumaa, 13 Juni

Mume wangu,

Nilicheka. Nilikuwa nimekaa kwenye ndoo, nikacheka peke yangu ile sehemu ya ng'ombe, nikainua kichwa nimsomee yeye dirishani. Dirisha lilikuwa limefungwa tangu jana yake. Nilijua, ila nilisahau kwa muda wa kucheka.

Ametutoka Jumatano alfajiri, nikiwa zamu. Nilikuwa naye. Nilimshika kwa glavu mbili, nikamsomea hatua maana sikuwa na sala inayokuja kichwani. Osha mikono. Nyoosha. Geuka. Tulimzika nyuma ya kituo, watu wachache, tumesimama mbalimbali. Jioni redio ikasema hakuna mhudumu wa afya hata mmoja aliyepotea. Matroni aliinuka akaizima, na hakuna aliyeomba iwashwe. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huku kwetu anaumbuka aliyekufa.

Umesema hujaikumbuka siku niliyokulilia. Ni kweli, haipo. Huyu nimemlilia kama sijawahi kumlilia mtu. Sikufichi na sikuombi msamaha. Utakaa na hilo, nami nitakaa na langu, na nikirudi tutakaa nayo pamoja mezani. Nikirudi nitatengwa kwanza kwenye chumba cha uani. Utasimama mlangoni, usiniguse, unisomee hatua wewe. Jifunze kuzisoma kwa sauti iliyotulia. Binti yule sasa amejifunza.

Makoti yalete yote. Kamba nyuma, kama mchoro. Na umeniuliza urefu wa mkono wake. Sikumpima. Usikate tena kwa kipimo cha mtu yeyote, hata changu. Mikono yote ikate mirefu. Aliye mfupi atakunja.

Mkeo,
Mama Kasuku